Sauti Iliyosema Mvua Hakuna

Kabla mji mzima haujaanza kumwita Mama Jua, sisi wa redioni tulimwita Mama Mvua, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka ishirini na minne amekuwa mpima hali ya hewa katika ofisi ya vyumba viwili iliyoko ng'ambo ya barabara, mkabala na redio yetu. Kila siku saa tatu kamili asubuhi hutoka na daftari, hufungua kile kibanda cheupe cha mbao kilichosimama kwenye nyasi, husoma vipimajoto, kisha huinamia kopo la kupimia mvua hata kama mvua haijanyesha miezi mitano. Humimina hewa kwenye bilauri yenye mistari, huitazama, huandika sifuri. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiandike hiyo sifuri akiwa amekaa kitini. Aliniangalia kana kwamba nimemwomba tukaibe.

"Sifuri ya kuona na sifuri ya kudhani si ndugu," akasema.

Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kioo, kufungua na kufunga maikrofoni, kupiga nyimbo na kulaumiwa. Mtangazaji akikohoa hewani, kosa ni langu. Mama Mvua hakuwahi kunipa kazi. Saa sita kasoro dakika tano huvuka barabara na karatasi moja, husoma utabiri kwa dakika moja na nusu, hushukuru, huondoka. Sauti yake ni nzito kidogo, imetulia, haina papara. Ukiisikia unaona kabisa kwamba mwenye sauti hiyo hajawahi kukudanganya.

Sasa nikiri mapema, nisije nikasingizia wengine. Mimi ndiye niliyeitoa sauti hiyo.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kurap, jina lake la kazi Kandambili, aliyekuwa akitusumbua kila wiki tumpigie nyimbo zake. Siku hiyo alikuja kwangu akitafuta kitu cha kuweka kwenye kiitikio. Nilikuwa nimeshiba na nina furaha zangu. Nikakata sekunde sita kutoka kwenye utabiri wa siku ile, nikamtilia kwenye flashi: "Anga safi. Jua siku nzima. Mvua, hakuna." Mwenye sauti sikumwomba ruhusa. Nilidhani wimbo utakufa njiani kama zile kumi na moja zilizotangulia.

Haukufa. Uliitwa Jua la Bure, ukaanza kwa sauti ya Mama Mvua peke yake, bila ala yoyote, halafu ngoma ikaingia kwa kishindo na Kandambili akaanza kumwaga mistari:

*Jua la bure, halidaiwi kodi,*
*linaingia ndani bila kupiga hodi.*

Mji wetu hauna bahari, hauna jengo refu, hauna cha kumwonyesha mgeni isipokuwa jua na vumbi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesimama akausifu, na sisi wenyeji tukavimba vichwa. Wimbo ulipigwa shuleni, salooni, kwenye maduka ya simu, kwenye magari ya takataka. Nami niliupenda, siwezi kusema uongo. Meneja wetu akatoa amri: Mama Mvua akimaliza kusoma utabiri, wimbo uingie papo hapo. Kwa miezi mitatu nikawa nabonyeza kitufe kile kila siku, mpaka mkono wangu ukajua njia bila kuniuliza.

Yeye hakulalamika. Muuza nyanya alimwomba aseme "mvua, hakuna" kabla ya kumfungia fungu lake, akasema. Watoto walimfuata barabarani wakikata viuno. Lakini nilimwona akianza kupungua, na siku moja, majira ya mvua yakikaribia, alibaki kitini baada ya kusoma.

"Fundi, naogopa," alisema. "Zamani nikisema jua, watu wanaanika. Nikisema mvua, wanaanua. Siku hizi nikifungua mdomo wanacheza tu. Siku nikiwa na neno la kweli nitamwambia nani?"

Nikamwambia asijali. Ndivyo watu tusemavyo tunapotaka mazungumzo yaishe.

Nilijua anamwogopea nani. Mdogo wake wa pekee, Mama Pacha, ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba za wageni huko bondeni, kwenye ule mto wetu wa mchanga ambao kwa mwaka mzima hupata maji siku sita au saba. Siku nyingine zote mto ni uwanja. Mama Pacha hutandaza mashuka juu ya mchanga wa moto, nayo hukauka kabla hujamaliza kumsengenya mtu. Nyumba yake iko hatua ishirini kutoka ukingoni. Mapacha wake, wasichana wa miaka tisa, ndio wanaogeuza mashuka wakitoka shule. Kwa Mama Pacha jua ndilo mwajiri, na wimbo ulipotoka aliona umetungwa kwa ajili yake. Akaufanya mlio wa simu. Kwa hiyo kila dada yake alipompigia, simu iliita kwa sauti ya dada yake huyo huyo ikisema mvua hakuna.

Tena mwezi ule Mama Mvua alikuwa ametabiri mvua mara mbili, na mara zote mbili wingu likapita pembeni likaenda kunyesha kwa wenyewe. Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jua liliwaka kama kawaida, na mbinguni hapakuwa hata na wingu la kufutia kioo. Saa nne asubuhi simu ya ofisi ya Mama Mvua ililia. Alikuwa mwenzake anayepima mvua kituo cha milimani, kule mto wetu unakoanzia.

"Dada, kopo limefurika. Nimemwaga mara mbili na bado linajaa. Huku hatuonani."

Mama Mvua akashusha madaftari ya zamani kutoka kabatini. Mara ya mwisho kopo la milimani lilipofurika ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita, na maji yalichukua saa sita kufika bondeni kwetu. Nne na sita ni kumi. Akawapigia wakubwa wa ofisi ya mji, wakamzungusha kwenye simu karibu saa mbili, mwisho wakamwambia alete barua yenye mhuri. Akavuka barabara mbio, kiatu kimoja kimefunguka. Sijawahi kumwona akikimbia.

Saa sita kasoro dakika tano nikamfungulia maikrofoni. "Hili ni onyo," akasoma. "Mvua kubwa inanyesha milimani. Mto utajaa leo saa kumi jioni. Wote walio bondeni waondoke kabla ya saa tisa, wapande juu na watoto wao. Msitazame jua la hapa. Maji yanatoka mbali." Akairudia mara mbili, polepole, kisha akakunja karatasi.

Na mkono wangu ukaenda. Naapa sikuutuma. Ulikwenda wenyewe kama ulivyokwenda kila siku kwa miezi mitatu, ukabonyeza kitufe, na mji mzima ukasikia, papo kwa papo, kwa sauti ile ile: Anga safi. Jua siku nzima. Mvua, hakuna.

Ngoma ikaingia. Dirishani niliwaona mafundi wa gereji ya jirani wakiweka spana chini wakaanza kucheza, mmoja akirusha juu kitambaa cha grisi. Nilipopata akili nikaukata wimbo, ndipo simu za studio zikaanza kulia, zote kwa swali moja: mbona mmekata? Mwingine akapongeza. Eti kichekesho kimependeza, onyo halafu kiitikio.

Mama Mvua alinitazama kupitia kioo. Angenizaba kofi ningeshukuru.

Alimpigia mdogo wake hapo hapo, akaweka simu mezani nisikie.

"Dada! Nimekusikia redioni, mmetuvunja mbavu kweli!"

"Mama Pacha, sitanii. Chukua watoto mpande huku juu sasa hivi."

"Watoto wako shule, watakuja saa saba. Na mashuka niyaachie nani? Jua lote hili! Toka nje uangalie, dada. Si wewe mwenyewe umesema anga safi?"

"Sikusema leo."

"Unasema kila siku. Hata sasa hivi simu imelia ukasema. Haya, nina mashuka sitini mchangani, tutaongea jioni."

Akakata. Tulipiga tena mara tano, kwa simu yake na kwa yangu, hakupokea. Na kila tulipopiga tulijua bondeni simu inalia kwa maneno gani. Mara ya tano Mama Mvua akaweka mkono juu ya simu yangu, akaniomba niache.

Nikaenda kwa meneja kuomba onyo lisomwe tena. "Limeshasomwa," akasema. "Wananchi wamesikia. Unataka kuwatia watu hofu na jua hili?" Niliporudi nilimkuta Mama Mvua amesimama katikati ya studio, viganja vimebana mashavu.

"Nikisoma tena watacheza tena," alisema.

Sikuweza kuvumilia. "Mama, ile sauti ya kwenye wimbo... ni mimi niliyempa yule kijana."

"Najua, tangu siku ya kwanza. Kabla ya neno mvua kuna kiti kinalia. Ni kiti chako, kinapenya hata kioo. Mji mzima unacheza na kiti chako." Akashusha pumzi. "Yaache hayo. Nisaidie kufikiri."

Hapo mlango ukafunguka akaingia Mzee Tanzia na faili lake.

Mzee Tanzia ndiye msomaji wetu wa matangazo ya vifo. Husoma saa saba na robo mchana, kila tangazo mara mbili, na muziki wa taratibu nyuma yake. Hana sauti nzuri, imekauka kama karatasi. Lakini saa hiyo ikifika mji huu hunyamaza. Wapishi huacha vijiko, wauza duka huinua kidole mteja asiongee, kwa sababu hakuna anayejua leo ni jina la nani. Hata mimi, niliyezoea, huwa nashika meza.

Mama Mvua alimtazama yule mzee, akalitazama lile faili. Nikaona wazo likimwingia.

"Mzee wangu, nisomee na mimi langu moja."

"Pole sana, binti yangu. Nani amefariki?"

"Bado hakuna."

Alipomweleza, mzee alilikumbatia faili kifuani. "Hapana. Miaka thelathini sijatangaza msiba usio na maiti. Hiyo ni laana."

"Ndiyo sababu watakusikia. Mimi hawanisikii tena, mzee. Wewe wanakuogopa."

"Na nikisoma, halafu mto usije?"

Mama Mvua alivuta karatasi tupu. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika nne. "Basi mimi nitakuwa mwongo," alisema, "na wewe utakuwa mzee aliyekosea kusoma, na mdogo wangu atakuwa hai. Nimekubali vyote vitatu."

Mzee Tanzia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "Andika kwa herufi kubwa."

Nikafunga mlango wa studio kwa ndani. Nilikosa tundu la ufunguo mara mbili. Muziki wa taratibu ukaanza. Mzee akasoma majina mawili ya marehemu wa siku hiyo, akaishika karatasi ya Mama Mvua, kisha akaendelea kwa sauti yake ile ile kavu:

"Habari ziwafikie Mama Pacha, dobi wa bondeni, na wanawe wawili, popote walipo. Habari ziwafikie wenye bustani za mchicha, wachimba mchanga, na wote wenye nyumba kando ya mto. Mto unakuja leo saa kumi. Hamjafiwa. Ondokeni kabla hamjafiwa. Wenye ndugu bondeni mnaombwa kuwafuata."

Akasoma mara ya pili, kama kawaida yake. Nikatazama dirishani. Gereji ilikuwa kimya. Yule wa kitambaa cha grisi alikuwa amevua kofia, na mwenzake alikuwa tayari anapiga simu.

Meneja aligonga mlango hadi bawaba zikalalamika. "Mmemtangaza nani? Kesho nataka barua za kujieleza, wote watatu!" Mzee Tanzia akampita na faili lake kwapani. Mama Mvua hakumsikia hata kidogo. Alikuwa ameshatoka, anateremka barabara ya bondeni kwa miguu, nami nikamfuata.

Jua lilikuwa la kutoboa utosi. Nilitembea nikiuomba mto uje, Mama Mvua asionekane mwongo, halafu nikajishika mdomo nikiuomba usije. Saa nane na nusu, baada ya kugonga milango njiani, tulifika kwenye kona ya kinu cha kusaga, na hapakuwa na mtu hata mmoja anayepanda. Mama Mvua akaanza kukimbia tena.

Kisha tukawaona. Kwanza mwanamke na kuku wawili. Halafu watu kumi, halafu wengi, wenye magodoro, masufuria, cherehani, mmoja amebeba mlango. Katikati yao Mama Pacha, na furushi la mashuka mabichi kichwani, maji yakimchuruzika usoni, ana hasira ya kuuma chuma.

"Dada! Mimi wa kutangazwa na Mzee Tanzia? Umenichuria kifo!"

Ilikuwa hivi. Yeye hakusikia tangazo, alikuwa anakamua mashuka. Waliosikia ni ndugu, wateja na majirani, na wengi walisikia jina tu. Wakateremka bondeni mbio kuja kumlilia, wakamkuta hai, mikono imejaa povu. Jirani mmoja ambaye hawasalimiani mwaka wa tatu alikuwa ameshamwangukia shingoni akilia. Umati ulipokuwa umesimama pale unauliza msiba uko wapi, aliyesikia tangazo lote akawaambia sehemu iliyobaki. Watu mia wakiwa wameshashika vyombo vyake mkononi, mtu hana tena hoja ya kubaki.

Mama Mvua hakuyasikiliza. Alikuwa anamtazama pacha aliyeshika gauni la mama yake. Mmoja.

"Mwenzake yuko wapi?"

Mama Pacha akageuka. "Si yuko nyuma na toroli..." Akatazama tena. Furushi likaanguka.

Ilikuwa saa tisa kasoro. Nilijua maji ni ya saa kumi, lakini daftari la miaka kumi na saba si mkataba. Tulikimbia kuteremka sote, tukisukuma watu, Mama Pacha akiita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Tulimkuta kwenye mwinuko wa mwisho, gurudumu la toroli limezama mchangani, yeye analisukuma kwa tumbo. Mashuka yote yaliyokauka yalikuwa ndani, yamekunjwa vizuri.

"Mama alisema nisiyaache," akasema.

Mama Mvua alimbeba mtoto wa miaka tisa mgongoni kama kichanga. Toroli nikalisukuma mimi, sijui kwa nini.

Maji yalikuja saa kumi kasoro dakika ishirini. Tulikuwa juu, kwenye nyasi za kibanda cheupe. Kwanza tuliusikia mlio, kisha tukaona kitu cha rangi ya kahawa kikipinda kona, kimebeba miti mizima, na jua likiking'arisha. Hakuna tone la mvua lililotuangukia. Uwanja wa mashuka ulifunikwa kabla sijahesabu kumi. Mama Pacha aliitafuta nyumba yake kwa macho, akaitafuta tena, akakaa chini kwenye nyasi.

Usiku ule familia nzima ililala ofisini kwa Mama Mvua, kati ya makabati ya madaftari. Asubuhi Mzee Tanzia alikuja redioni mapema, akaketi na faili tupu magotini. Tulikaa naye tukitazama dirisha linalopokea matangazo, kila hatua ya mguu nje ikitushtua. Ijumaa yaliletwa mawili, ya wazee waliokufa kwa maradhi, wa mjini juu. Jumamosi likaja moja kutoka bondeni: mwenye bustani aliyerudi kuchukua pampu yake. Mama Mvua aliomba karatasi ile aione kabla haijasomwa. Aliisoma amesimama, akairudisha, akaenda kupima sifuri yake.

Jumapili jioni niliwakuta dada wawili kwenye ngazi ya ofisi. Chini kule maji yalikuwa yameshapungua, mchanga umeanza kuonekana, na watu walikuwa wanateremka na magodoro yao. Mama Pacha alikuwa amefunga furushi, arudi akajenge upya pale pale. Simu yake ikalia mfukoni: anga safi, jua siku nzima. Aliitoa, akaizima, akaishika tu mkononi.

"Dada," akasema bila kumtazama, "kesho utasema nini?"

"Mvua."

Jua lilikuwa linatua, na mbinguni hapakuwa na wingu. Mama Pacha alilitazama jua lile, kisha akaanza kulifungua furushi.

"Basi sirudi," alisema.